Baridi Niliyoiweka Akiba

Baba yangu,

Mkono uliozungusha ile swichi ulikuwa wangu. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka tu, na unanijua vile najua kuzunguka. Watu wa Kalama walikuzika wakiamini kwamba wewe, dereva wa malori makubwa tangu ujana wako, ndiye uliyewaharibia kontena zima la maembe. Nilisimama kando ya kaburi nikiwa na kitambaa mkononi, nikaacha waamini hivyo.

Unakumbuka mwaka ule wa mvua kubwa. Kikundi cha wakulima kilikuwa kimepata mnunuzi Arabuni kwa mara ya kwanza, na mimi ndiye niliyekuwa katibu. Maembe yalichumwa na vikonyo vyake, yakaoshwa, yakapangwa kwenye katoni, yakaingizwa ndani ya kontena la baridi lililokuwa juu ya lori lako. Yangefika Mombasa, yapande meli, yashuke huko ng'ambo yakiwa bado magumu, yaivie mikononi mwa wenyewe. Mtu wa kampuni ya meli alitupa agizo moja: digrii kumi na tatu, na msiguse. Mama Ndinda, jirani yetu, aliweka katoni la mwisho mwenyewe. Akaniambia, "Katibu, hiyo ni shule ya Ndinda umebeba. Mwende pole pole."

Tulipitia kwanza jiji kuu kugongewa karatasi za forodha, kisha tukaenda pole pole mpaka Mlolongo, na hapo tukakwama. Maji yalikuwa yamekata barabara huko mbele. Malori yalijipanga mbele yetu na nyuma yetu, huwezi kwenda wala kurudi, na mvua ikikatika kidogo jua linawaka kama limekasirishwa. Tulikula ndani ya kabini na kulala ndani ya kabini. Siku tatu nilipumua harufu ya dizeli na ya soksi zako, nikihesabu vifungo vya shati langu ili nisipige mayowe.

Kila baada ya saa chache ulinituma nipande ile ngazi nyuma ya kabini nisome kipimo cha mashine ya baridi, niandike kwenye daftari. Macho yako yalikuwa yameanza kukataa maandishi madogo. "Wewe uko na macho, mwaitu," ulisema. "Nenda unisomee." Mimi nilipewa jina la mama yako, basi tangu nizaliwe hukuwahi kuniita kwa hilo jina. Uliniita mwaitu, mama yangu, hata mbele ya madereva wenzako, na ukaniheshimu kama yeye. Sijawahi kusikia ukinipandishia sauti.

Kulikuwa na yule dereva wa samaki kutoka ziwani, lori lake lilikuwa nyuma yetu. Siku ya kwanza alinikuta kwenye ngazi akauliza tumeweka ngapi. Nilipomwambia, alicheka mpaka akashika tumbo.

"Kumi na tatu? Madam, hayo ni maji ya kuoga. Mimi niko na kumi na nane chini ya sufuri na bado naogopa. Hii jenereta yenu ikimaliza mafuta hapa, mtakula jam."

Baada ya hapo sikutulia. Wewe ulikuwa umeenda na mtungi kutafuta dizeli, na kila mtu aliyepita aliniambia dizeli hakuna. Na mimi ni mtu wa Kalama, Baba. Kwetu mfereji ukileta maji siku moja, unajaza pipa, unajaza ndoo, unajaza sufuria zote, unajaza hata vikombe, kwa sababu kesho huijui. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Nikawaza, tujaze baridi sasa ingali inapatikana. Mashine ikizima, maembe yatakuwa na akiba yao. Nikapanda, nikaizungusha swichi mpaka tatu. Kwenye daftari nikaandika kumi na tatu, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa nisiguse, na nilikuwa nimegusa. Niliandika hivyo mara zote. Ulirudi na dizeli, mashine haikuzima, na barabara ilipofunguliwa nikairudisha swichi mahali pake, nikakaa kando yako nikijiona mjanja sana.

Embe haliwekewi akiba ya baridi. Sasa nalijua hilo, nimefanya kazi kwenye ghala la baridi miaka mingi, nalijua kuliko sala zangu. Samaki amekwisha kufa, mgandishe utakavyo. Embe liko hai, bado linapumua. Ukilipiga na baridi kali linageuka kijivu, linafanya mabaka meusi, na haliivi tena hata ulibembeleze. Kontena lilipofunguliwa Arabuni, yote yalikuwa hivyo. Yalitupwa.

Kilichotuumbua ni ile karatasi ya mviringo. Mimi sikujua kwamba ndani ya mashine kulikuwa na karatasi, na kalamu ndogo inayochora mstari wa baridi usiku na mchana. Mwenyekiti wetu, Mzee Kioko, aliileta kwenye ukumbi wa kanisa, akainua juu watu waone mstari ulivyoanguka tulipokuwa Mlolongo, ukakaa chini siku tatu. Akauliza, "Nani aliguza hii mashine?" Daftari lilikuwa mapajani mwangu. Ukaitazama karatasi, halafu ukanitazama mimi. Ni wakati ule ulijua.

"Ni mimi," ulisema. "Huyu alikuwa amelala."

Nikalifunga daftari. Mama Ndinda alikuwa ameketi mbele yangu, nikaona mabega yake yakishuka.

Tukiwa njiani kwenda nyumbani nilianza kulia, ukanyoosha kiganja kama mtu anayesimamisha gari. "Mtu hawezi kumshtaki mama yake mbele ya watu, mwaitu. Wacha iishe." Lakini haikuisha. Hawakukupa tena mzigo wa Kalama, na habari ikafika kwa tajiri wako, ukapokonywa lori. Kanisani ulihama kutoka benchi la pili ukaenda kuketi nyuma karibu na mlango. Nilikuona ukiosha gari la mtu mwingine siku moja, ukasimama kwa muda mrefu ukiwa umeshika usukani kupitia dirishani.

Mimi nikakimbilia huku Mlolongo, kati ya mahali pote. Nyumba yangu ya kupanga inatazama barabara. Malori ya kontena za baridi yanasimama hapa chini, mashine zao zinanguruma mchana kutwa, na mimi nimefungiwa pamoja nazo. Nyumbani nilikuja kwa saa chache tu na kuondoka, nikipita njia ya bondeni nisikutane na Mama Ndinda. Wewe ulinichinjia kuku kila mara. Nilikuwa na hasira nawe, Baba, na naona aibu kuisema. Ulinifungia ndani ya huruma yako ukaenda na ufunguo kaburini. Ungenigombeza siku ile, hata kofi moja, ningekuwa nimetoka.

Mwezi uliopita kikundi kiliniandikia. Wanataka kujaribu tena, na wamesikia nimesomea mambo ya baridi. Mzee Kioko aliandika, "Uje utufundishe, tusirudie makosa ya marehemu baba yako." Nilisoma sentensi hiyo nikiwa nimesimama, nikashindwa kuketi.

Nilienda Jumamosi. Ni ukumbi uleule. Nilimpa Mama Ndinda lile daftari, nikamwomba asome kwa sauti. Akasoma kumi na tatu, kumi na tatu, kumi na tatu, ukurasa mzima, halafu akainua uso hajaelewa. Nikawaambia yote, ya dereva wa samaki na ya swichi, na kwamba wewe ulikuwa umeenda kutafuta dizeli.

Hakuna aliyenifariji. Mama Ndinda alisimama akanigombeza kwa Kikamba mpaka sauti ikamkauka. Alinitaja kwa jina langu lote. Aliniambia kwamba Ndinda anauza nyanya sokoni, na kwamba yeye aliacha jeneza lako lipite mbele ya mlango wake bila kutoka nje. Nilisimama nikapokea. Alipomaliza aliketi, akafuta uso kwa leso, akasema, "Sasa tuambie hiyo baridi inawekwaje."

Jana Mama Ndinda alienda kwa Mama na jembe, akalima magugu kwenye kaburi lako peke yake. Mama anasema hakutaka kusaidiwa.

Nililala nyumbani siku mbili, kwenye kitanda changu cha zamani, kabla ya kurudi huku. Nisamehe, Baba. Na lile jina la heshima, mwaitu, nakurudishia, kwa sababu uliniheshimu nilipostahili kugombezwa. Pumzika sasa.

Ni mimi,
mtoto wako.