Hendibreki ya Landrova ya Ntate

Semonkong, Jumatatu

Kwako kaka yangu, Abuti Sekhonyana,

Pokea salamu za huku juu milimani. Naamini kazi inakwenda, shemeji 'Mapuseletso na watoto hawajambo, na kile kifua chako cha kipupwe kimekuachia. Sisi tu wazima, isipokuwa mzee wetu Ntate, ambaye habari zake unazo, na ndiye aliyenishikisha kalamu. Simu ungenikatiza, kama kawaida yako. Barua haikatizwi.

Mke wangu 'Maneo ameniambia kwamba Jumamosi unakuja kumchukua Ntate akaishi nanyi Gauteng, na Landrova iuzwe. Ulimwambia kwamba mzee anayesahau kuvuta hendibreki mlimani atasahau na jiko likiwaka. Wewe mwenyewe unajua Ntate kule kwenye ghorofa yenu hatamaliza mwaka. Kwa hiyo kabla hujafunga safari, soma hii mpaka mwisho.

Unakumbuka tulivyoanza. Breki za zamani zilikuwa zimekwisha, Ntate anakanyaga mara tatu ndipo gari linasikia, na huku ana magunia ya sufu ya watu. Tukakubaliana zibadilishwe. Ukatuma boksi: diski za mbele, na diski za nyuma zenye hendibreki yake humo humo, inayouma magurudumu yenyewe. Chaguo zuri, Abuti, leo nalisema. Lakini ndani ya boksi uliweka na karatasi ya maagizo, moja hadi kumi na moja, hadi namna ya kushika spana. Mimi, miaka kumi na tisa chini ya magari! Wewe unauza bima, breki umejifunzia kwenye simu. Nilichemka. Nilikuita fundi wa simu mbele ya wateja, nao wakacheka, na nikafurahi walivyocheka.

Za mbele nilizifunga, na zinashika vizuri. Za nyuma nilizirudisha kwenye boksi, nikamwambia Ntate tope la huku litazila mwaka haujaisha, bora dramu zake za breki za kale nizitie shuu mpya za kusugua. Hendibreki nikaiacha ile ile ya kale, inayoshika propela, ile shafti inayozungusha magurudumu, nyuma ya gia boksi. Hiyo nayo nikaitia shuu mpya. Usidhani ilikuwa mbovu. Gari likiwa limekanyaga chini kwa miguu yote minne, ile breki ingeshikilia nyumba.

Nikataka watu waone. Nikalisimamisha gari kwenye mteremko wa kanisa, limejaa sufu, nikashuka mikono mfukoni. Sasa unalijua lile jiwe jeusi la Ntate, aliloweka nyuma ya gurudumu miaka thelathini na kitu, akiliita Malome, kwa kuwa mjomba akishakaa haondoki. Siku ile naye akashuka nalo, kalikumbatia kama kawaida. Mkata sufu mmoja, Kheleli, akauliza kwa sauti kama huyu mzee amezaa fundi au mchunga mbuzi. Watu wakaangua kicheko. Niliona haya, Abuti. Nilimnyang'anya Ntate jiwe lake mikononi nikalitupa korongoni.

Nikamwambia, "Ntate, breki yangu haihitaji mjomba."

Akaniangalia kidogo. Akasema, "Haya, mwanangu. Wewe ndiye fundi."

Na fundi nilijua. Ile breki inashika propela, haishiki magurudumu. Inua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, hilo litazunguka hewani na mwenzake chini yuko huru kubiringika. Hata ukiacha gari kwenye gia, ni bure. Ndiyo maana mafundi wa kale hawakuachana na jiwe. Ni somo la siku ya kwanza, na sikumwambia Ntate, kwa sababu kumwambia kungekuwa kukiri kwamba boksi lako lilikuwa na haki.

Mwezi uliopita akapata pancha hapo chini ya banda la sufu. Akapiga jeki bila jiwe, kama nilivyomfundisha. Gari likateremka, likambana mguu kwenye ukuta wa zizi. Hospitali wakaukata chini ya goti. Hayo unayajua.

Usilolijua ni hili. Mimi ndiye niliyefika wa kwanza, kwa kuwa kishindo kilisikika gereji. Ntate alikuwa amezimia. Nikafungua mlango, na hendibreki ilikuwa juu, Abuti, imevutwa mpaka mwisho. Nikaishusha kwa mkono wangu huu. Ndipo nikaita watu. Walipokuja wakaikuta chini, Kheleli akatikisa kichwa akasema mzee kasahau, nami nikaitikia kwamba ndiyo, uzee.

Nilidhani litaishia hapo. Lakini Ntate ameamini. Anamuuliza 'Maneo kama yeye ameshakula ugali wake wa papa, ilhali sahani iko mbele yake. Juzi alimwomba amfichie kiberiti. Jana aliniambia nisibishane nawe: "Kichwa changu kimekwenda, Tlohang. Nipelekeni tu kabla sijaua mtu."

Nimeiacha kalamu hapo juu nikaenda chumbani kwake kumwambia, kwani ningekuambia wewe kwanza ningekuwa mwoga mara ya pili. Aliniuliza kama nina hakika breki ilikuwa juu. Nikamjibu ilikuwa juu mpaka mwisho. Akafunika uso kwa blanketi akalia, akawa anarudia, "Basi nilivuta. Nilivuta." Habari ya mguu hakuniuliza hata kidogo. Nilipotaka kumshika mkono aliuondoa, akasema nimwitie 'Maneo, njaa inamuuma, na mimi nisiingie tena leo.

Njoo Jumamosi, lakini si kumchukua. Boksi lako liko chini ya kitanda changu, na karatasi yako imo. Utanisimamia nikifunga, moja hadi kumi na moja, wala sitakujibu neno.

Nisalimie shemeji na watoto wote. 'Maneo anakusalimu. Ntate naye nilimuuliza nikuambie nini, kupitia mlangoni. Alisema nikuambie kichwa chake ni kizima.

Ni mimi mdogo wako,
Tlohang