Damu ya Farasi Katika Sanduku la Samaki

Kolwezi, Jumapili

Mdogo wangu Asha,

Assalaam alaikum. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba mguu wako umepona. Sisi hatujambo, ila vumbi la machimbo limenikaba kifua msimu mzima.

Umeniuliza kwa nini nimemfukuza mwanao Saidi nyumbani kwangu. Yeye amekwambia ni ugomvi wa samaki. Sikiliza habari kamili.

Unajua kwamba natibu farasi katika zizi lililo kwenye barabara ya Kasaji. Mwezi uliopita jike mmoja mwenye mimba aliacha kula, akawa anakojoa mkojo mwekundu. Nilishuku ugonjwa wa kupe, lakini dawa yake ni kali; mwenye mimba hachomwi sindano kwa kubahatisha. Ilibidi damu ipimwe Lubumbashi. Niliichota mwenyewe shingoni. Msaidizi wangu, Mama Ngoie, alivipindua vichupa polepole bila kuvitikisa, akaandika jina la farasi na saa. Saidi huendesha gari la abiria la kwenda Lubumbashi. Nilimkabidhi vichupa ndani ya kisanduku chenye barafu iliyofungwa kwa kitambaa, nikamwambia mara tatu: damu ipoe tu, isiwe barafu. Ikiwa barafu, chembe zake hupasuka, na maabara haiwezi kuisoma.

Kesho yake maabara walinipigia simu: damu imeharibika, leteni nyingine. Nikamwuliza Saidi. Akajibu bila kupepesa macho, "Mujomba, mi niliiweka vile ulisema. Labda ule mama alitikisa."

Nikamwamini, kwa kuwa ni mtoto wa dada yangu. Nikamkaripia Mama Ngoie mbele ya wafanyakazi wote. Mama yule mwenye wajukuu alisema tu, "Tata, mikono yangu haikutikisa kitu."

Tukachota tena. Safari hii nilipanda gari la Saidi mimi mwenyewe, kisanduku mapajani. Tulipofika Lubumbashi, mama mmoja alikuja kupokea sanduku lake la samaki wa ziwa la Nzilo, lililojaa barafu. Akacheka: "Eh, Saidi! Leo hakuna tuchupa twako twa damu mu samaki zangu?"

Nikamtazama mwanao. Unajua alinijibu nini?

"Kisanduku yako ilikula nafasi ya muntu. Na baridi ni baridi, mujomba! Mbona samaki haikuoza?"

Abiria wakacheka. Mimi sikucheka.

Majibu yalitoka: ni kupe, na dawa ipo. Nilirudi Kolwezi nayo mfukoni. Farasi alikuwa amekufa alfajiri ile, na mtoto tumboni. Mama Ngoie alikuwa bado amekaa chini kando yake. Nilimwomba radhi pale pale, watu wote wakisikia, na sijawahi kuona aibu kama ile tangu nizaliwe.

Asha, kosa la sanduku ningelisamehe. Lakini Saidi alimwachia mama asiye na hatia abebe lawama siku nne, huku yeye akipita mbele yake na kupiga mluzi. Mlango wangu hautafunguliwa mpaka aende zizini, asimame mbele ya wale wale walionisikia, aseme kwa kinywa chake: ni mimi. Usimwombee. Ukiniandikia kwa machozi, nitayasoma, wala sitabadilisha neno.

Nisalimie shemeji yangu fundi cherehani, na shangazi yetu mkubwa, na jirani anayekuandikia barua zako.

Saidi akikupigia simu, usimwulize kama amekula. Mwulize kama amekwenda.

Kaka yako,
Juma