Miaka Mitano ya Nuru, au Minane

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa hivi kukuandikia. Barua hii nimeianza mara tatu. Mara ya kwanza mtoto alilia, mara ya pili nililia mimi, mara ya tatu kalamu ikaisha wino na nikashukuru. Leo nimejilazimisha kukaa kwa sababu kesho ni siku ya mwisho, na sina mwingine wa kumwandikia.

Unakumbuka nilipoolewa Vuga, kule kwa wakwe mtandao ulikuwa wa kuvizia, nikawa nakutumia barua kwa kondakta? Ulikuwa unaniambia, "Barua zako nazisoma kuanzia mwisho. Mwanzo ni salamu tu, shida zako ziko chini." Kweli chini palikuwa na orodha: chumvi, sabuni ya kipande, soksi za mtoto, yale majani yako ya kikohozi. Na kila kitu kilifika, hata soksi, moja ya bluu na moja ya kijani. Wifi yangu alicheka wiki nzima.

Huku nyumbani tupo. Nimebaki hapa kwako na watoto, baba Imani yuko Korogwe kibaruani. Imani aliniuliza bibi anarudi lini, nikamwambia harudi. Kesho yake akauliza tena, kama vile labda nimebadilisha mawazo. Mdogo wake ameota meno mawili. Karoti za kule bondeni tumevuna nusu, nusu nyingine zimekaa ardhini mpaka zimepasuka. Nimechoka, Mama. Sikuandikii ili unionee huruma, nakueleza tu hali ilivyo.

Habari kubwa ni ya mdogo wangu Nuru. Amechaguliwa. Tena amechaguliwa vyuo viwili, na vyote ni udaktari. Jina lake lilitoka kwenye simu ya jirani, Nuru akaja mbio kutoka barabarani mpaka nikadhani kuna msiba mwingine. Tulikaa chini palepale kwenye majani ya ng'ombe tukalia, kwa sababu wa kumpa habari ndiyo hivyo hayupo.

Chuo cha kwanza ni udaktari wa kawaida, ule tuliouzoea, miaka mitano. Cha pili wanaita programu ya pamoja. Anasomea udaktari na hapohapo anasomea utafiti wa magonjwa, anatoka na shahada mbili, ila ni miaka minane. Wanampa siku kumi na nne achague kimoja na kuthibitisha. Asipothibitisha, anakosa vyote.

Mimi nilisema mitano. Nilisema siku ileile, kabla machozi hayajakauka, na nilisema kwa ukali. Unajua kwa nini. Nilipoacha kusoma kidato cha nne ili yeye aendelee, uliniambia, "Wewe tangulia kuchoka, mwenzio atakuja kukupokea." Nililishika neno hilo. Kila nilipopanda kutoka bondeni na kiroba kichwani, nikifika pale kwenye jiwe ambapo wewe ulikuwa unashuka kunipokea mzigo, nilikuwa namhesabia Nuru miaka. Sasa ananiambia minane! Ukiongeza na ule wa mazoezi hospitalini ni tisa. Huyu ninayemnyonyesha atakuwa darasa la tatu.

Nuru hakupaza sauti. Unamjua, akikasirika anakuwa mpole kuliko kawaida. Akasema, "Dada, Mama alionwa na madaktari watatu. Udaktari haukukosekana. Aliyekosekana ni mtu wa kujua ni kitu gani."

Nikamjibu, "Na wewe ukijua, utamfufua?"

Nilisema hivyo, Mama. Sijui mdomo wangu uliyatoa wapi maneno hayo.

Maana alikuwa na haki. Hospitali tatu, majina matatu ya ugonjwa, na dawa za kila jina. Ulikuwa unazipanga dirishani na kuzitania, "Hizi za Jumatatu haziongei na zile za Alhamisi." Mpaka tunakuzika hakuna aliyetuambia jina moja la kushika. Mtu akiniuliza mama yako alikufa na nini, nasema tumbo.

Tulibishana siku tisa. Tukipalilia, tukiosha vyombo, tukimwogesha mtoto, huyu ameshika miguu na huyu kichwa. Mitano. Minane. Aliniambia nataka daktari wa kunibebea viroba. Nikamwambia yeye anataka kusoma mpaka apate mvi ili asirudi huku kwenye mteremko. Mjomba akaja kutusuluhisha, akasikiliza, akanywa chai, akasema na yeye hajui, akaondoka. Siku ya tisa nililegea. Sikusema ndiyo, nilisema tu, "Fanya unavyotaka, ila usinilaumu." Kwangu hiyo ilikuwa ndiyo.

Basi siku ya kumi tukashuka Lushoto mjini, pale steshenari mlipoombea chuo wewe na yeye. Dada wa pale akafungua ukurasa wa Nuru, akasema, "Haya, nitajie namba ya uthibitisho. Imetumwa kwenye simu mliyojaza."

Nuru akanigeukia. "Dada, laini ya Mama iko wapi?"

Mama, siku ile mnajaza fomu, Nuru alitaka kuandika namba ya jirani, wewe ukakataa. Alinisimulia siku hiyo ya kumi. Ulisema, "Andika yangu. Nataka niwe wa kwanza kusikia." Mimi hilo sikulijua. Na Nuru hakujua nilichofanya baada ya matanga.

Nakueleza sasa, kwa sababu wewe hujui pia. Kitochi chako nilikiacha kinawaka. Madalali wa karoti wakawa wanapiga. "Mama Rehema, mzigo upo? Mama Rehema, viroba vingapi kesho?" Wanaita jina langu wakikutafuta wewe. Kila mmoja namwambia amefariki, kila mmoja anashtuka, anataka kujua lini, alikuwa anaumwa nini. Tumbo, nasema. Kuna siku walipiga wanne kabla ya chai ya saa nne. Huyo wa nne alikuwa hana habari kabisa, akaanza na utani wake, "Bibi karoti, umenitupa?" Nilifungua simu, nikatoa laini, nikaitupa kwenye mafiga. Ilijikunja kama jani. Nilijisikia nimepumzika. Nilijisikia vizuri, Mama, sikufichi.

Nilimwambia Nuru palepale steshenari, mbele ya watu. Alitangulia nje.

Tulikwenda duka la simu kuomba laini irudishwe. Dada wa pale alikuwa mwema. Akasema mwenye laini aje mwenyewe aweke kidole. Nikamwambia amefariki. Akasema, "Poleni sana. Lakini mashine haitaniruhusu." Akatueleza njia ya warithi: cheti cha kifo, kikao cha ukoo, mahakama. Wiki kadhaa, akasema, na hapo mkienda haraka. Nikamwambia sisi tuna siku nne. Akatazama chini.

Nuru akajaribu kubadilisha namba kwenye ukurasa wake. Ukurasa ukamwambia namba ya kuruhusu mabadiliko imetumwa kwenye simu ya zamani. Tumepiga vyuoni, simu inaita mpaka inakatika. Tumetuma barua pepe mbili, moja kila chuo. Hakuna aliyejibu. Leo ni siku ya kumi na tatu.

Nakumbuka siku tuliyokupeleka kusajili laini hiyohiyo. Mashine ikakataa dole gumba, ikakataa kidole cha shahada, ikakataa vyote vya kulia. Yule mhudumu akasema udongo umekula alama zako. Akakupa limau unawe, ukanawa, ikakataa tena. Ukaanza kucheka, ukamwambia, "Mwanangu, ningekuwa mwizi ningekuwa tajiri, hamnikamati." Mpaka kikafika kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kile kidogo kisichoshika jembe sawasawa. Hicho kikakubali. Ulikibusu kabisa.

Nuru hanigombezi, na hilo ndilo linaloniumiza. Asubuhi hii aliamka akachukua jembe akashuka bondeni bila chai. Nilipomfuata nikamkuta anazitoa zile karoti zilizopasuka, moja moja, anazipanga kama vile zina mnunuzi. Nikamwambia ataomba tena mwakani. Akasema, "Sawa, dada." Alisema kama mtu anayemwitikia mgonjwa. Sidhani ataomba. Nimeona alivyokuwa ameshika jembe, ameshalishika kama mimi.

Wakati wa kupanda kurudi nyumbani alikuwa na kiroba kichwani. Nilitangulia nikamsubiri pale kwenye jiwe, nimpokee. Alinipita.

Kwa hiyo angalia, Mama. Siku tisa tuligombania mitano na minane, kumbe hatukuwa na hata mmoja mkononi. Nilikuwa nazuia mlango ambao ufunguo wake nilishauchoma mwenyewe.

Mimi siahidi mambo makubwa. Nakuahidi hili tu: namba ile ikipatikana, leo, kesho au mwaka wowote, Nuru atabonyeza mwenyewe, na mimi nitageukia ukutani nisione amebonyeza ipi. Ikiwa minane, nitapanda na kiroba miaka minane na huo wa tisa. Sitahesabu kwa sauti. Na isipopatikana, jembe lile sitamwachia. Nitamnyang'anya kila asubuhi mpaka aende steshenari mwenyewe kwa hasira.

Mti wa matunda damu nyuma ya jiko umetoa maua. Nimekata machache nimekuwekea. Lala, Mama. Mdogo ameamka, namsikia.

Mwanao,
Rehema

Sasa huku chini, unakoanzia kusoma. Ninavyohitaji unitumie:

Namba ya uthibitisho, iliyoingia kwenye simu yako. Ulitaka uwe wa kwanza kusikia, basi wewe ndiye unayo.

Jina la ugonjwa wako, kama huko wamekuambia. Hili ni la Nuru.

Majani ya kikohozi, kifua cha Imani kimeanza tena na sijui ulikuwa unayachuma upande gani wa mto.

Na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kile kilichokubali. Dakika moja tu. Kifike kabla ya kesho saa kumi na moja jioni.