Shujaa wa Tanzia Kakwama Jukwaani

Shoga yangu, leo nimeumbuka hadi natamani kuhama shule!

Nilikuwa ukumbini na kidato cha nne, nawafundisha shujaa wa tanzia. Nikawaambia ni mtu wa heshima zake, anaonywa, kiburi kinamziba masikio, anajiangusha mwenyewe.

Na mkuu wa shule kakaa nyuma, ananikagua!

Nikapanda jukwaani kuwaigizia. Darasa zima likapiga kelele, "Mwalimu, huo ubao umeoza!" Nikawajibu, "Jukwaa hili nalipanda tangu hamjazaliwa!"

Tangu hamjazaliwa! Kwa mdomo wangu huu!

Ubao ukakatika. Nikazama hadi kiunoni.

Binti mmoja aliyekaa mbele akauliza kwa adabu zote, "Mwalimu, hapa ndipo shujaa anapotambua kosa lake?"

Nikamwambia, "Kosa gani? Kosa ni la fundi."