Tembo wa Kaniki Kifuani mwa Watu wa Tabora

Dada yangu, Mama Ndahani,

Shikamoo. Najua hutaitikia. Nililijua hilo Jumamosi alasiri, uwanjani, mbele ya mji mzima, nikiwa nimeshika kipande cha kaniki nilichokuwa nimekichana kifuani mwa mtu. Ningeweza kukuandikia kimya kimya nikaificha barua sandukuni. Lakini nilikosea hadharani, basi nikiri hadharani, katika gazeti hilihili ninaloliandikia siku zote.

Unakumbuka fulana zile za kwanza? Kituo cha reli kilikuwa bado kinanuka rangi. Vijana wetu waliosoma misheni ya Mvumi walikuja na mpira wa ngozi, wakakusanya wakata kuni, makuli na wapishi, na ghafla Dodoma ikawa na timu. Mzungu wa kituo akasema timu lazima iwe na nembo, na nembo hiyo iwe tai, kama tai wa bendera yake. Mimi, mwalimu wa mji, nilisimama nikahutubia. Nilisema mji usiojichagulia alama huchaguliwa bwana. Nilitaja falme nilizozisoma vitabuni, nikataja ngao na bendera za mataifa, mpaka watu wakaanza kusinzia. Wewe hukuhutubia. Ulichukua mkasi.

Ulimkata tembo kutoka kwenye kaniki, ukamshonea juu ya amerikani nyeupe. Tembo wetu, yule aliyekuja kunywa maji kijitoni, akazama topeni asitoke, mji ukapata jina kwa kuzama kwake. Ulimfanya amezama hadi tumboni, miguu haionekani. Salimu, fundi cherehani wa kutoka pwani, alicheka hadi akashika mbavu.

"Mama Ndahani! Watu huvaa simba, huvaa chui. Nyinyi mnavaa mnyama aliyekwama?"

"Nitajie mwingine aliyefika hapa akabaki," ulimjibu, uzi ukiwa mdomoni. "Misafara ilipita. Hata wewe, Salimu, kila wiki unauliza gari la kurudi Dar es Salaam."

Kuna neno jingine uliliongeza, kuhusu wengine wanaopita. Nimelikata, kwa kuwa barua hii itasomwa hata bomani. Mzungu mwenyewe alipoiona nembo aliuliza kama ni nguruwe, akacheka, akaenda zake. Hivyo ndivyo tulivyomshinda tai.

Na katika sikio la kushoto la tembo ulikata mipasuo miwili upande wa chini: alama ya ng'ombe wa baba. Nilikuuliza kwa nini umtie tembo alama ya zizi letu. Ulisema, "Ili akipotea ajulikane ni wa nani."

Kisha reli ikasonga kwenda Tabora na shemeji akasonga nayo. Nakumbuka siku uliyoondoka, kikapu chako cha karanga, na mimi nikikufuata kando ya gari la moshi nikibwata. Nilikuambia, "Ukipanda hilo gari, usiseme tena wewe ni wa kwetu." Nilidhani nautetea mji. Ulinitazama dirishani bila hasira.

"Mdogo wangu," ulisema, "ng'ombe wa baba wote wamo zizini mwetu?"

Jibu kila Mgogo analijua. Hatuweki mifugo yote mahali pamoja. Ng'ombe huyu tunamweka kwa rafiki Hombolo, yule kwa rafiki Kongwa, ili ukame au maradhi yakipiga huku, kule wabaki. Rafiki anakunywa maziwa yake, na ng'ombe anabaki wetu kwa sikio lake. Anayemtunza haongezi hata mkato mmoja. Atakayeongeza tunamwita mwizi. Nililijua hilo, dada, lakini nilikuwa nimeshaanza kupiga kelele, na mimi nikianza huwa sipendi kugeuka.

Sasa sikiliza yaliyotokea Jumamosi.

Timu ya Tabora ilifika kwa gari la asubuhi kucheza na yetu. Mchezo ulikuwa uanze alasiri, upepo ukiwa umetulia. Nikasogea mstarini kuwatazama wageni. Kila mmoja wao alikuwa na tembo kifuani. Tembo wa kaniki, aliyezama hadi tumboni. Nikatazama sikio: mipasuo miwili.

Sikufikiri. Niliingia katikati ya uwanja nikamkamata kiongozi wao, pande la mtu, mpaka mafuta wa reli aitwaye Maganga.

"Wezi! Mmeiba mji wetu!"

Watu wakashangilia. Mmoja akapaza sauti, "Mwacheni mwalimu, leo kapata la kuandika!" Nikavuta. Nyuzi zikakatika, tembo akabaki mkononi mwangu. Maganga angeweza kunivunja kama kijiti. Hakuninyanyulia mkono.

"Wewe ndiye mdogo wake Mama Ndahani," alisema.

"Ndiye mimi! Na hiyo ni kazi ya mikono yake!"

"Ndiyo. Bwana, kaa kwanza."

"Sikai!"

"Kaa, bwana wangu. Habari hii haipokelewi na mtu aliyesimama."

Kelele zilikatika mara moja. Kwetu mtu akiambiwa akae kabla ya habari, habari ameshaipata. Nikakaa. Nilikuwa vumbini katikati ya uwanja, wachezaji ishirini na wawili wamenizunguka, na Maganga amechuchumaa mbele yangu akinieleza taratibu, kama anayemlisha mgonjwa. Ni homa. Siku nne. Walikuzika mwezi uliopita, upande wa mawio, unaoelekea kwetu, kama ulivyotaka.

Nusu ya timu ile, alisema, ni watu wa Dodoma waliochukuliwa na reli. Nusu nyingine ni Wanyamwezi na wengineo waliokuwa wakila ugali nyumbani kwako. Tembo wale uliwashona wewe, wa mwisho ukiwa tayari unaumwa, umeegemea ukuta.

"Tulikuja kwako asubuhi," Maganga alisema. "Tulitaka tukwambie nyumbani, umekaa kitini. Ulikuwa unaandika. Hukuinua macho. Ulisema, leo sina nafasi."

Ni kweli. Nilikuwa naandika gazetini kuwashambulia watu wasiojali asili yao.

"Mama alituonya," akaendelea. "Alisema, mkifika Dodoma mtamwona mtu mwenye kelele. Msimjibu. Mwonyesheni sikio."

Nikafungua kiganja nikalitazama. Nilipomvuta tembo, sikio lilikuwa limechanika. Mipasuo ilikuwa mitatu. Dada, miaka yote nimewaita wengine wezi wa alama zetu, na mkono ulioongeza mkato ni wangu.

Bado sijainuka kutoka pale. Naamka asubuhi, nakunywa uji, nasalimiana na watu, lakini nimekaa vumbini vilevile. Watu wananiuliza kwa nini siandiki kuhusu jambo hili au lile. Nitaandika nini? Nimesoma vitabu vingi kuhusu mtu na kwao, na hakuna hata kimoja kilichonifundisha ulichonifundisha dirishani kwa swali moja, nami nikakataa kujifunza. Ulikaa Tabora ukidhani nimekukana. Au hukudhani. Hilo sitalijua, na ndilo linalonichoma kuliko kifo chenyewe.

Mchezo haukuchezwa siku ile. Wachezaji wa timu zote mbili walikaa nami msibani, tembo kwa tembo, na mgeni asingeweza kusema nani ni wa wapi. Niliomba sindano. Salimu alitaka kunisaidia, nikamkatalia. Nilimshona tembo mwenyewe kifuani mwa Maganga, kwa vidole hivi vinavyojua kalamu tu. Nilimchoma Maganga sindano mara mbili.

"Mama alishona vizuri zaidi," alisema.

"Nyamaza," nikamwambia, na wote wawili tukalia.

Ule mkato wa tatu nimeuziba kwa uzi mwekundu. Unaonekana. Nimeuacha uonekane.

Jumatatu gari la moshi liliwasubiri wageni. Maganga alichungulia dirishani, palepale ulipochungulia wewe, akashika kifua chake. "Bwana, kama unaona ni haki, tutazivua fulana. Zibaki kwenu."

Mji ulikuwa kituoni ukisubiri nihutubie. Safari hii nilitembea kando ya gari bila kelele.

"Nendeni naye," nilisema. "Kunyweni maziwa yake."

Pumzika, dada. Umewekwa kwa watu wema, na sikio lako tunalijua.

Mdogo wako,
mwenye kelele