Nesi Aliyekataa Kigoda

Mwaka umetimia tangu utuache, mama yetu Nesi Anyesi Chilongani, na hapa Bahi wageni wetu bado wanachungulia chini ya meza kabla ya kuketi.

Ni wewe uliyewazoesha. Ulipanda bodaboda hadi kwa wafugaji wa mbali, na kila nyumba yenye mtoto mdogo ulikataa kigoda, ukapiga magoti, ukatambaa. "Ukisimama huoni anachokiona mtoto," ulisema. Na mwili wako ule mkubwa, Mama! Tulikucheka sana.

Kwa Bibi Penina, ng'ambo ya majaruba ya mpunga, kukataa kigoda kulikuwa tusi.

"Umetudharau, nesi!"

"Shikamoo, mama. Nitaketi. Acha kwanza nitambae."

Mjukuu wake, Yotham, akakufuata akitambaa na kucheka, akidhani ni mchezo. Chini ya kitanda kulikuwa na chupa ya soda. Akanyoosha mkono, wewe ukaiwahi.

"Mama, hii mnakunywa?"

"Aa, hiyo dawa ya kuogeshea ng'ombe."

"Na Yotham anajua?"

Kesho yake Bibi alionekana kwa jirani, na mgongo wake mbovu ule, akitambaa chini ya vitanda vya watu.

Siku ya maziko yako kijana mrefu tusiyemjua aliomba kubeba msalaba wako. "Mimi ndiye Yotham wa ile chupa," alisema. Uliowatibu wanajijua. Lakini nani anawajua ambao hawakuungua kwa uji, hawakunywa mafuta ya taa, hawakutumbukia kwenye ndoo, kwa kuwa ulipita? Wenyewe hawajijui. Tuliishi na kazi kubwa namna hiyo ndani ya nyumba, nasi tukaona magoti yenye vumbi tu.

Mjukuu wako Restuta, uliyemwacha tumboni, ameanza kutambaa. Juzi alielekea chumbani kwako, ambamo hatujagusa kitu. Luka, baba yake, alimtangulia kwa magoti hadi chini ya kitanda chako. Akakaa huko kitambo, akatoka analia. Hakukuta chochote cha kumdhuru mtoto. Ulikuwa umeshapita.

Unakumbukwa na mumeo Mzee Batholomeo, wanao Luka na Generosa, mkweo Hamida, wajukuu, wauguzi wenzako wa zahanati, na akina mama wa Bahi.

Umetambaa vya kutosha. Sasa keti, Mama. Hatutakusahau kamwe.