Njia ya Zahanati Mto Ulipofurika

Ikungi, Jumapili

Mjukuu wangu Neema,

Hatujambo; babu yako mdogo Hamisi anakusalimia. Umeuliza mashine za mtandao zinajuaje njia ya kupeleka ujumbe; mimi sizijui, ila nitakueleza yote niliyoyaona.

Nikiwa msichana wa shule katika kijiji chetu cha Ujamaa, mama alishikwa na uchungu. Tukambeba kwa machela kuelekea zahanati. Katika kijiji jirani nikamwuliza mwanamke mmoja, "Shikamoo mama, bondeni panapitika?"

"Marahaba. Mnataka kuogelea na mzazi? Mto umefurika! Wenzetu wa mlimani wametuambia leo kisimani kwamba kwao panapitika. Nendeni, watawaelekeza mbele."

Tukapanda mlimani, tukielekezwa kijiji kwa kijiji; kila kijiji kilijua habari kilizopewa na majirani tu, lakini tulifika. Hamisi akazaliwa salama.

Je, waya ukikatika, mashine zenu nazo huambiana hivyo? Nijibu upesi.

Bibi yako